Mtoto Nyumbani, Mtu Mzima Stesheni

Naomba nianze na makanga. Kila anayeishi huku Eastlands, awe wa Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu, anamjua makanga na sheria yake. Mama akipanda matatu na mtoto, makanga hamuulizi mtoto ana miaka mingapi. Anamtupia jicho tu, kisha anapaaza sauti: "Mathee, pakata mtoto!" Ukishapakatwa, hulipi. Magoti ya mama ndiyo tikiti yako. Ukikataa kupakatwa, basi wewe ni abiria kama abiria wengine, toa nauli. Mdogo wangu wa kike alipakatwa mpaka akafika Gredi ya Tatu, miguu inaburuta sakafuni, naye Mama anamnong'oneza ajikunje kidogo tusije tukalipishwa viti viwili.

Sheria ya makanga haijaandikwa popote, lakini sote tunaijua. Sheria ya nauli ya reli, kwa upande mwingine, imeandikwa waziwazi, na nina hakika kwamba katika darasa letu la watu zaidi ya arobaini hakuna watano wanaoijua. Mimi mwenyewe sikuijua. Niliijua siku iliponihusu, na hiyo ndiyo siku mbaya ya kujua sheria yoyote.

Ilikuwa Desemba 2024, nikiwa nimemaliza Kidato cha Kwanza. Nyanya yetu, mzaa mama, aliishi Mikindani kule Mombasa, na alikuwa mgonjwa. Si ugonjwa wa kulazwa. Ule wa sukari na presha ambao watu wazima huutaja kwa sauti ya chini wakidhani watoto hawasikii. Mama, ambaye anauza mboga Mutindwa, alikuwa akingoja zamu yake ya pesa za chama cha akina mama. Shilingi 8,000. Akaamua kwamba hizo ndizo za kwenda kumwona Nyanya, sisi watatu, kwa treni, maana mabasi yalikuwa yameshaanza kupandisha bei kama kawaida yao Krismasi ikikaribia, na treni haipandishi.

Jirani yetu alitutazamia nauli kwenye simu yake. Daraja la kawaida, lile watu wanaloliita ekonomi, Nairobi hadi Mombasa ni 1,500. Mtoto ni nusu, 750. Mama akapiga hesabu kwa kidole juu ya meza: yeye 1,500, mimi 1,500, mdogo wangu 750. Jumla 3,750 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, 7,500. Zinabaki 500 za matatu ya kutufikisha Syokimau na kuturudisha. Chakula tungebeba. Mikindani haiko mbali na stesheni ya Miritini, na mjomba angekuja kutupokea. Hesabu ilikubali. Mdogo wangu alianza kupanga nguo siku hiyohiyo.

Pesa za chama zilitarajiwa tarehe mosi. Zikaja tarehe nane, kwa sababu mama mmoja alikuwa amechelewesha mchango wake. Siku saba tu, nani angezihesabu? Lakini katikati ya siku hizo, tarehe tano, mdogo wangu alitimiza miaka kumi na miwili. Tulimnunulia keki ndogo ya shilingi hamsini. Hatukujua kwamba tunasherehekea nauli mpya.

Tulipoketi tena na jirani ili tukate tikiti, akauliza, "Huyu mdogo ako na miaka ngapi?" Mama akamjibu kwa furaha kwamba juzi tu ametimiza kumi na mbili. Jirani akanyamaza, akarudi kwenye simu. Aliyepita kumi na moja analipa nauli nzima. Watatu sasa ni 4,500 kwenda na 4,500 kurudi. Elfu tisa. Mfukoni elfu nane.

Jirani, kwa nia njema kabisa, akasema, "Si useme tu ni eleven? Ni mfupi, hakuna mtu atajua." Mama akacheka kidogo, akasema cheti cha kuzaliwa hakijui ufupi, na tena hataki mtoto wake ajifunze kudanganya akiwa njiani kwenda kumwona bibi yake mgonjwa. Akanitazama. Mimi ndiye mkubwa. Nikasema, "Nyinyi endeni."

Nikabaki Umoja, kwa jirani huyohuyo. Nyanya aliaga dunia Februari 2025, nikiwa shuleni. Mara ya mwisho nilizungumza naye kwenye simu ya Mama wakiwa Mikindani, dakika tatu hivi, na nusu ya muda huo alikuwa akiniuliza kama nimekula.

Sasa, msomaji, usije ukanielewa vibaya. Sisemi kwamba reli ilituonea. Kanuni ilikuwepo, imeandikwa, na ni ileile kwa kila mtu. Kosa lilikuwa letu: tulisikia neno "mtoto" tukadhani tunalijua maana yake. Lakini tangu siku ile nimezisoma kanuni za nauli kuliko ninavyosoma kemia, na kuna jambo ambalo nimeona lazima niliandike.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu husafiri bure. Wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu. Kuanzia kumi na miwili, nauli nzima, sawa na mwalimu mkuu, sawa na waziri akiamua kukaa ekonomi. Halafu kuna kanuni ya pili: tikiti hutolewa kwa jina la abiria na namba ya kitambulisho chake, na langoni unakionyesha. Na kitambulisho serikali hii hutoa lini? Ukitimiza miaka kumi na minane. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari anafika Syokimau, analipa kama mtu mzima, kisha akiulizwa kitambulisho anatoa cheti cha kuzaliwa, karatasi ambayo kazi yake hasa ni kuthibitisha kuwa yeye bado ni mtoto. Hii ni miaka sita mizima ya utu uzima wa stesheni. Huruhusiwi kupiga kura. Mwalimu wa zamu akikukuta nje ya lango la shule saa nne asubuhi, hutamwambia kwamba wewe ni mtu mzima na unayo risiti ya reli.

Na miaka hiyo sita ndiyo ileile ambayo mzazi anabanwa zaidi. Karo, sare, vitabu, pesa za mtihani. Angelikuwa anaamua mtu anayemfahamu mama wa Mutindwa, asingechagua umri huo kuwa ndio wa kuondoa nusu nauli.

Nimetafuta wenzetu wanafanyaje. Tanzania walipoanza safari za reli yao mpya mwaka 2024, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, ilitangaza kwamba nusu nauli ni kwa watoto hadi miaka 12. Nauli ya kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma iliwekwa shilingi 31,000 za kwao. Kwa hesabu hiyo mdogo wangu, siku ile aliyotushinda nguvu sisi, angepanda treni ya Dodoma kwa nusu. Uingereza wanakwenda mbali zaidi: mtoto ni wa miaka 5 hadi 15, na tangu 2019 wameweka kadi ya walio na miaka 16 na 17 ya kuwapunguzia nusu ya nauli nyingi, kwa sababu waligundua kwamba kijana huyo bado yuko shule na bado hana mshahara. Sisemi tuwaige Waingereza kwa kila kitu. Tikiti zao zenyewe ni fumbo: safari moja, behewa moja, na jirani yako alilipa nusu ya ulicholipa kwa sababu yeye alinunua mapema. Sisi huku bei ni moja. Ukinunua leo au ukinunua mwezi ujao, treni ya asubuhi au ya usiku, ekonomi ya Mombasa haibadiliki.

Na hapa lazima niisifu reli, kwa sababu wengi wetu hatulioni jambo hili. Nairobi hadi Mombasa kwa reli mpya ni kama kilomita 470. Gawanya 1,500. Unapata shilingi tatu na senti kidogo kwa kilomita. Sasa chukua matatu ya kutoka Umoja kwenda tauni, kama kilomita kumi. Ukilipa hamsini, hiyo ni shilingi tano kwa kilomita. Mvua ikidondoka tone moja, makanga anaimba "mia, mia, mia", na hapo umefika shilingi kumi kwa kilomita huku umesimama umeinamisha shingo. Gari moshi halijui mvua wala Krismasi, na kwa mtu maskini bei isiyobadilika ni heshima kubwa, kwa sababu anaweza kuiwekea akiba.

Lakini ubaya wake ni huu. Bei isipopanda wakati watu ni wengi, viti ndivyo vinavyokwisha. Kwa hivyo ukiuliza tikiti rahisi ya treni inapatikanaje, jibu si kupiga bei kama Gikomba. Ni kuwahi. Anayewahi ni yule aliye na pesa kwenye M-Pesa wiki kadhaa kabla, simu inayofungua mtandao, na ratiba ya likizo inayojulikana. Mama yangu hana hata kimoja kati ya hivyo. Pesa yake hufika pamoja na siku yenyewe. Ndiyo maana nasema kwamba kwa familia kama yetu mlango pekee wa nauli nafuu ulikuwa ule wa mtoto, na mlango huo hufungwa ukifika miaka kumi na miwili.

Babu yangu mzaa baba angecheka kuniona nikiandika habari za nauli. Yeye alifanya kazi karakana ya reli na akalea watoto wake Makongeni, katika nyumba za reli. Watu husahau kwamba Eastlands ni mtoto wa reli. Reli ilifika hapa mwaka 1899, mahali penye maji na matope, mji ukaanza. Muthurwa na Makongeni zilijengwa na reli kwa ajili ya wafanyakazi wake Waafrika. Wakati huo wa mkoloni swali la nauli lilikuwa daraja, na daraja lilikuwa rangi ya ngozi: daraja la tatu, mbao tupu, ndilo lilikuwa la Mwafrika. Babu alisafiri daraja la tatu hata baada ya Uhuru na hakuona haya. Alisema lilikuwa na faida moja, ulifika Mombasa asubuhi ukiwa na marafiki wapya kumi, na mmoja wao amekulalia begani usiku kucha.

Treni hiyo ya zamani ya Mombasa iliacha kubeba abiria mwaka 2017, SGR ilipoanza. Nauli ya ekonomi ya ufunguzi ilikuwa 700. Baadaye 1,000. Kuanzia Januari 2024 ikawa 1,500, na daraja la kwanza likapanda kutoka 3,000 hadi 4,500. Sababu iliyotolewa ni gharama ya mafuta, na sina ubishi nayo. Hata Mama alipandisha bei ya sukuma wiki. Ninachosema ni kwamba kila nauli ilipopanda, ule mruko wa kutoka miaka kumi na mmoja kwenda kumi na miwili ulipanda pia. Mwaka 2017 kutimiza miaka kumi na miwili kuligharimu shilingi 350 kwa safari. Leo ni 750. Hakuna aliyekaa kwenye mkutano akaamua hivyo. Imetokea tu, kwa sababu umri ulibaki palepale nauli zikienda.

Nilipolileta jambo hili katika mjadala wa chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, nilipingwa, na mengine ya waliyosema yalikuwa na uzito. Mmoja alisema reli ilijengwa kwa mkopo wa China na mkopo haulipwi kwa huruma. Ni kweli. Lakini mwanafunzi hajilipii nauli. Analipiwa na yuleyule mama ambaye tayari analipa kodi ya huo mkopo kila anaponunua unga na mafuta ya taa. Na familia ya watatu ikishindwa na mmoja akabaki nyumbani, reli haikupata 1,500. Haikupata hata 750. Kiti changu cha Desemba ile, mimi sikukikalia.

Mwingine, ambaye ni hodari wa kuchekesha, alisema watu wazima watavaa sare za shule ili walipe nusu, tutaona wazee wa ndevu wakiwa na kaptura pale Syokimau. Tulicheka wote. Lakini cheti cha kuzaliwa kinaonyeshwa tayari. Hakuna karatasi mpya inayohitajika, wala sare, wala barua ya mwalimu mkuu. Mahali palipoandikwa 11 paandikwe 17. Basi.

Aliyenitatiza hasa ni msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliyeuliza, "Na wale wa miaka kumi na minane ambao bado wako shule?" Wako wengi, hata humu. Wameanza shule wakiwa wakubwa, au walikaa nje mwaka mzima kwa ajili ya karo. Kwa hao cheti cha kuzaliwa hakisaidii, na pengine wao ndio wanaohitaji zaidi. Nimelifikiria sana. Nafikiri kwao ingebidi shule iandike barua, na barua zina mambo yake, tunajua. Afadhali tuanze na wa chini ya kumi na minane kuliko kungoja mpaka kila mtu aenee.

Sioni haja ya kupunguza nauli ya daraja la kwanza. Mwenye 4,500 hanililii. Na kama reli inaogopa kujaza viti vya Desemba kwa nusu nauli, na ianze na ile treni ya asubuhi inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Hiyo ndiyo inayobeba wanafunzi wanaokwenda kwao, si watalii. Ianze Aprili na Agosti, katikati ya wiki. Ione kama itapata hasara.

Kuna jambo moja nataka kuwaambia wanaosafiri, hata kama hakuna kitakachobadilika. Nendeni nyumbani mkatafute vyeti vyenu vya kuzaliwa leo, si siku ya safari. Hapa kwetu cheti hukaa chini ya godoro, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi ya kliniki, na siku ukikihitaji bahasha imehama. Tazameni tarehe za wadogo zenu. Kama kuna anayekaribia miaka kumi na miwili na kuna safari inayosemwasemwa nyumbani, mwambieni mama mapema. Na msinunue tikiti kwa jina la mwingine eti ni ndugu yenu. Jina lisipolingana na cheti mtarudi na nguo zenu zilezile mlizopiga pasi. Fikeni mapema, maana kuna ukaguzi wa mizigo na mbwa wa kunusa, na lango hufungwa treni ikiwa bado mnaiona.

Kwa wale wa treni za hapa mjini, za Makadara kwenda Embakasi na zile zinazopita Dandora, Mwiki na Githurai hadi Ruiru, hayo ya vyeti hayawahusu. Shida yenu ni nyingine: zinakimbia asubuhi na jioni, mkikosa mmekosa, na matatu inawangoja nje ikijua kwamba mmekosa. Hilo litaandikwa na mtu mwingine mwakani.

Mimi na wenzangu wawili tumeandika barua kwa shirika la reli. Ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na mwalimu wetu ameisahihisha mara mbili na kuondoa "waama" zote nilizoweka. Inaomba kitu kimoja tu: nusu nauli ya ekonomi hadi miaka kumi na saba. Iko kwa katibu wa chama, ndani ya daftari la kijani. Ina nafasi ya sahihi sitini, na kufikia jana jioni zilikuwa ishirini na tatu. Moja ni ya mdogo wangu. Si mwanafunzi wa shule hii, katibu akataka kuifuta, nikamwomba aiache.

Kidato cha Tatu